Tabaka Limewashwa, Mbona Silioni?

Fungua ramani ya mafuriko ya Dar es Salaam kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani. Kushoto kuna orodha ya matabaka: majengo, barabara, mifereji ya maji ya mvua, mipaka ya mitaa, na chini kabisa picha iliyopigwa na droni. Weka tiki kwenye mifereji. Kimya. Toa tiki, irudishe, kimya vilevile. Huenda kundi ambamo mifereji imewekwa limezimwa. Huenda tabaka limewekewa sharti la kuonekana pale tu ramani inapokuzwa vya kutosha. Huenda mtu ameburuta picha ya droni akaipandisha juu, ikafunika kila kitu. Huenda opasiti ya mifereji, yaani kiasi chake cha kukolea au kufifia, iko sifuri, au kuna kichujio kilichobakiza mifereji ya kata nyingine kabisa. Huenda mfumo wa viwianishi umekosewa na mifereji yote imechorwa kwenye Ghuba ya Guinea, pale latitudo sifuri inapokutana na longitudo sifuri. Au mistari ni ya kahawia na ardhi iliyo chini yake nayo ni ya kahawia. Sababu saba, na zote humfikia mtumiaji kwa sura moja: hakuna kitu.

Wabunifu wa programu wanapozungumzia vidhibiti vya matabaka, mara nyingi mjadala huishia kwenye maumbo: tuweke jicho au kisanduku cha tiki, kitelezi kikae wapi, namba ionyeshwe au ifichwe. Hayo yana uzito wake na nitayafikia. Lakini kuwasha na kuzima ni kazi nyepesi. Kazi nzito ya paneli ya matabaka, ile inayotenganisha programu inayoeleweka na programu inayochosha, ni kumjibu mtu anayeuliza kwa nini kitu alichokiwasha hakionekani. Kila uamuzi wa ubunifu utakaotajwa hapa naupima kwa swali hilo.

Fikra ya matabaka ni kongwe kuliko skrini. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya mbinu ya kuchora katuni za filamu kwenye karatasi angavu za seluloidi, ili mhusika anayesogea achorwe upya bila kuigusa mandhari ya nyuma. Mwaka 1969 Ian McHarg, msanifu wa mandhari aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitoa kitabu chake Design with Nature. Humo anaeleza jinsi ya kuchagua njia ya barabara kuu katika Staten Island, New York. Kila jambo, mteremko, mmomonyoko, misitu, makazi, thamani ya ardhi, lilipewa karatasi yake angavu yenye vivuli vya kijivu. Karatasi zikapangwa moja juu ya nyingine. Palipotokea giza zaidi ndipo barabara ingeiumiza jamii na mazingira zaidi; palipobaki peupe ndipo ingepita kwa hasara ndogo. Mbinu hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo haujahama hadi leo: kila karatasi unayoongeza hula mwanga, na zikizidi unabaki na kiza kisichosema lolote.

Mtu mwenye karatasi mezani hakuhitaji kuambiwa ipi imefunika ipi. Aliinua pembe akachungulia. Kompyuta ilipochukua kazi hiyo, pembe ya kuinua ilipotea, na tangu hapo wabunifu wamekuwa wakitafuta cha kuweka mahali pake. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, iliwazoesha wachoraji wa majengo kutenga kuta, mabomba na nyaya za umeme katika matabaka. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliweka hesabu ya kuchanganya picha zenye sehemu angavu, hesabu ambayo programu nyingi zinaitumia mpaka leo. Kisha mwaka 1994 Photoshop 3.0 ikaja na paneli ya matabaka: orodha, alama ya jicho pembeni ya kila safu, na kitelezi cha opasiti juu. Sura hiyo imenakiliwa kila mahali kiasi kwamba watu wanaidhani ndiyo pekee inayowezekana.

Tuanze na kuficha, maana hata jambo hilo dogo lina sura nyingi. Mchoraji wa AutoCAD ana alama kadhaa kwa kila tabaka. Kuna taa ya kuwasha na kuzima. Kuna jua na kipande cha theluji, cha kuyeyusha na kugandisha. Kuna kufuli la kuzuia mabadiliko. Kuna printa, ya kuamua kama tabaka litachapwa kwenye karatasi. Mgeni ataona taa na theluji akadhani ni kitu kimoja, kwa sababu zote mbili huondoa mistari machoni. Tofauti ni kubwa. Tabaka lililozimwa taa limefichwa tu. Bado limo ndani ya mchoro unaofanyiwa kazi. Tabaka lililogandishwa limewekwa kando kabisa, programu hailihesabu inapochora upya, na ndiyo maana michoro mizito huwa myepesi ukigandisha matabaka usiyoyahitaji. Jaribu kutoa amri ya kufuta kisha uagize vyote vichaguliwe. Vitu vya tabaka lililozimwa taa hufutika pamoja na vile unavyoviona. Vya tabaka lililogandishwa husalimika. Mchoraji anaweza kupoteza mabomba ya ghorofa nzima bila kuona hata mstari mmoja ukiondoka.

Sisemi AutoCAD ilikosea kuwa na njia mbili. Ofisi za uhandisi zinazihitaji zote. Ninachokitilia shaka ni kuwekea matokeo mazito hivyo alama mbili ndogo zinazokaa bega kwa bega, bila neno lolote linaloeleza mojawapo inafanya nini kwa kitu kisichoonekana. Amri ya kufuta inapogusa vitu vilivyofichwa, programu inapaswa kusema vingapi na viko tabaka gani, kabla ya kutenda.

Blender, programu ya michoro ya pande tatu, imepita njia hiyohiyo. Kabla ya toleo la 2.80 la mwaka 2019, ilikuwa na vijisanduku 20 vya matabaka visivyo na majina. Toleo hilo likaleta makusanyo yenye majina na alama za kuficha za aina kadhaa: jicho la kuficha kwa muda wakati wa kazi, skrini ya kuzima kitu katika madirisha ya kazi, na kamera ya kukiondoa kwenye picha ya mwisho. Alama hizo hazionekani zote mpaka uzifungue kwenye menyu ya kichujio. Amri ya kufichua kila kitu hurudisha tu vilivyofichwa kwa jicho. Vilivyozimwa kwa alama ya skrini hubaki vilipo. Mwanafunzi anabonyeza amri, nusu ya vitu vyake vinarudi, nusu havioni, na hana pa kuuliza. Kanuni ninayoitetea ni nyepesi: programu ikiwa na njia zaidi ya moja ya kuficha, amri ya kufichua ama izijue zote, ama itaje zile isizozigusa.

Sasa alama yenyewe. Jicho lina tatizo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuandika nenosiri kwenye simu amekutana nalo: jicho lililokatwa mstari linamaanisha kwamba kitu kimefichwa sasa, au kwamba ukibonyeza kitafichwa? Programu tofauti hujibu tofauti. Photoshop iliepuka utata huo kwa kuweka jicho pale tabaka linapoonekana na kuacha nafasi tupu pale lisipoonekana. Anayejua anajua. Asiyejua haoni sababu ya kubofya mahali pasipo na kitu. Figma, programu ya kubuni sura za tovuti na programu, huonyesha jicho la safu pale tu kishale kinapoipitia, ila safu iliyofichwa hubaki na jicho lililofungwa muda wote. Ni ufumbuzi mzuri kwa mwenye kipanya, na hauna maana kwenye kioo cha kugusa, ambako kidole hakina namna ya kupitia juu ya kitu bila kukigusa.

Kisanduku cha tiki hakina utata huo. Tiki ipo au haipo, na watu wameizoea tangu fomu za karatasi. Kwa ramani zinazofunguliwa na umma, nachagua tiki bila kusita. Nadhani Leaflet, maktaba ya ramani za wavuti iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, ilipatia hasa kwenye jambo hili. Kidhibiti chake hugawa orodha sehemu mbili. Ramani za msingi, kama picha ya setilaiti au ramani ya mitaa, hupewa vitufe vya duara, kwa kuwa unachagua moja tu. Matabaka ya juu hupewa visanduku vya tiki, kwa kuwa unaweza kuwasha mengi. Mtu anajifunza mpangilio wa ramani kwa kuangalia maumbo, bila kusoma maelezo. Jicho liachwe kwa watu wanaoshinda kwenye paneli siku nzima, ambao wanahitaji nafasi ndogo na kasi kubwa, kama kuburuta kishale juu ya safu ya macho na kuzima matabaka kumi kwa mkupuo.

Makundi ndiyo yanayochanganya zaidi. Ukizima swichi kuu ya nyumba, swichi za vyumbani hazihami zilipokuwa. Ukiiwasha tena, taa zilizokuwa zinawaka zinawaka na zilizokuwa zimezimwa zinabaki hivyo. Kundi la matabaka linapaswa kufuata mwenendo huo. QGIS inafanya hivyo: ukizima kundi, tiki za matabaka ya ndani zinabaki, ila safu zake zinapauka kuonyesha kwamba agizo lipo lakini halitekelezwi. Zipo programu ambazo kuwasha kundi huwasha kila kilichomo, na mpangilio uliomchukua mtu asubuhi nzima unafutika kwa mbofyo mmoja. Upaukaji wa QGIS unafanya jambo jingine muhimu pia. Unatenganisha kile mtu alichoagiza na kile kinachotokea kwenye skrini. Tiki ni agizo. Rangi ya jina ni matokeo. Bila vitu hivyo viwili kuonekana kwa wakati mmoja, swali la kwa nini silioni halina jibu.

QGIS hutumia upaukaji huohuo kwa tabaka lililo nje ya kipimo chake cha ramani, na ukibofya kulia juu ya safu hiyo utapata amri ya kukuza ramani mpaka kipimo ambacho tabaka linaonekana. Hapo programu imetaja tatizo na kutoa dawa mahali pamoja. Ningependa mtindo huo uenezwe kwa sababu zote saba nilizoanza nazo. Chini ya jina la tabaka utokee mstari mfupi wa maneno: limefunikwa na picha ya droni, opasiti ni 0, kichujio kimeacha mifereji 12, yote iko nje ya eneo hili. Pembeni yake kitufe cha kurekebisha. Hesabu nyingi za kujua hayo programu tayari inazo, kwa sababu ndizo inazozitumia kuamua ichore au isichore.

Kwenye ramani za wavuti kuna sababu ya nane, na kwa watumiaji wa Afrika Mashariki huenda ndiyo ya kawaida kuliko zote: tabaka bado linakuja. Mtu yuko kwenye daladala, bando ni dogo, anaweka tiki kwenye tabaka la vituo vya afya, na sekunde kumi zinapita. Anatoa tiki akidhani hakubonyeza vizuri. Anaweka tena, na upakuaji unaanza upya. Hali ya tatu kati ya kuwashwa na kuzimwa ni lazima: linapakuliwa. Na ya nne: limeshindikana, jaribu tena. Visanduku vingi vya tiki havina nafasi ya hali hizo, basi ziwekwe pembeni yake.

Opasiti ni mjadala mwingine, na hapa naona wabunifu wamekuwa wakarimu kupita kiasi. Kitelezi kimoja kimebebeshwa kazi nne zisizofanana: kulinganisha picha mbili, kutuliza mandhari ya nyuma ili data ya mbele isomeke, kufuatisha umbo lililo chini, na kuficha. Nyingi ya kazi hizo zingefanywa vizuri zaidi na vyombo vyake.

Chukua kulinganisha. Unayo picha ya bonde la Mto Msimbazi kabla ya mafuriko na nyingine baada yake. Ukiiweka ya juu asilimia 50, unapata tope: nusu ya paa lililokuwepo na nusu ya maji yaliyolifunika, mahali pamoja, kila kimoja kikimpunguzia mwenzake nguvu. Jicho la binadamu hukamata mabadiliko likionyeshwa picha mbili kwa kupokezana, mahali palepale. Clyde Tombaugh aliigundua Pluto mwaka 1930, katika kituo cha Lowell huko Arizona, kwa chombo kilichobadilisha picha mbili za nyota mbele ya jicho lake haraka haraka, hadi nukta moja ikaonekana inaruka. Hakuzichanganya. Kwa hiyo panapohusika kulinganisha, mpe mtumiaji kitufe cha kushikilia: ukibonyeza tabaka linapotea, ukiachia linarudi. Au mpe pazia la kuburuta linalogawa skrini mbili. Kitelezi cha opasiti kiwe chaguo la tatu.

Kufuatisha umbo ni kazi ambayo kitelezi kinaiweza kweli. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulishirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, kuchora majengo, njia na mifereji ya jiji hilo kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyake kwa droni. Mchoraji anayefuatisha paa juu ya picha kama hizo, kwa mfano kwenye JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, anahitaji picha iwe na nguvu ya kutosha kuonyesha ukingo wa bati, na iwe imefifia kiasi cha kutofunika mistari anayoichora. Paa jipya la bati hung'aa jeupe. Paa lililoshika kutu hukaribiana na rangi ya udongo. Kiwango kinachofaa kwenye nyumba moja hakifai kwenye ya jirani. Hapo kitelezi kinachoguswa mara kwa mara, bila kuiacha kalamu, ni msaada halisi, na vibonye viwili vya kibodi vya kupandisha na kushusha ni msaada mkubwa zaidi.

Kutuliza mandhari, kinyume chake, ni kazi ya mtengenezaji wa ramani na si ya msomaji. Ramani ya msingi iliyopaushwa rangi mapema inafanya vizuri kuliko ile yenye rangi kali iliyofifishwa, kwa sababu kufifisha hupunguza kila kitu kwa pamoja, majina ya mitaa yakiwemo. Msomaji anabaki na usuli uliotulia asioweza kuusoma.

Kisha kuna hesabu, ambayo watu wengi huikisia vibaya. Tabaka la asilimia 50 hupitisha nusu ya kilicho chini. Weka la pili la asilimia 50 juu yake, na kilicho chini hubaki robo. La tatu, asilimia 12.5. Matabaka matatu ambayo kila moja linaonekana la wastani yameizika picha ya droni. Hatari kubwa zaidi iko ndani ya tabaka moja. QGIS inakuruhusu kufifisha tabaka zima au kufifisha rangi ya kila umbo. Ukififisha tabaka zima, maumbo yote huchorwa kwanza, ndipo picha yake nzima ikafifishwa. Rangi inatoka sawa kila mahali. Ukififisha rangi ya maumbo, mahali ambapo maeneo mawili ya mafuriko yamepishana kidogo kwa sababu wakusanya data wa mitaa jirani walivuka mpaka, panatokea ukanda wa buluu iliyokolea. Afisa anayeitazama ramani hiyo atasoma kwamba hapo maji ni ya kina zaidi. Hakuna kina chochote. Ni makosa ya mpaka yaliyovaa rangi ya hatari. Kwa ramani za aina hii, kufifisha tabaka zima kunapaswa kuwa ndiyo njia ya kwanza inayoonekana, na nyingine itafutwe na anayejua kwa nini anaitaka.

Photoshop ina tofauti inayokaribiana na hiyo. Ina kitelezi cha opasiti na kingine cha ujazo, kimoja juu ya kingine. Cha kwanza hufifisha tabaka pamoja na vivuli na mistari ya ukingo iliyoongezwa. Cha pili hufifisha rangi za ndani na kuviacha vivuli. Msanifu wa mabango anakihitaji cha pili ili apate herufi za kioo. Anayeanza huvisogeza vyote viwili, anaona matokeo yaleyale kwa kuwa tabaka lake halina vivuli, na anahitimisha kwamba kimoja ni cha ziada. Kitelezi cha pili kingejitokeza pale tu tabaka linapopewa kivuli au ukingo, utata huo ungepungua sana.

Mwelekeo wa namba nao unasumbua zaidi ya inavyostahili. Kwenye QGIS, Photoshop na Figma, asilimia 100 ni tabaka lililokolea kabisa. Kwenye ArcGIS Pro na PowerPoint, asilimia 100 ni tabaka lililotoweka. Mtaalamu anayehamia kutoka programu moja hadi nyingine atateleza, na hakuna mazoea yatakayomkinga siku ya haraka. Sitegemei kampuni hizo zikubaliane. Lakini kitelezi kinaweza kuchorwa upande mmoja kikiwa kimepauka na upande wa pili kimekolea kwa rangi ya tabaka lenyewe, na msomaji asihitaji kukumbuka namba inahesabu nini.

Kuhusu ukubwa, fanya hesabu ndogo. Kitelezi chenye urefu wa pikseli 100 kina thamani 101 za kuchagua. Kila pikseli ni asilimia moja, na kidole gumba kwenye simu hufunika makumi ya pikseli. Hakuna anayeweza kulenga 35 hapo. Ndiyo maana karibu na kitelezi panahitajika kisanduku cha namba, na kitelezi chenyewe kiende kwa hatua za tano au kumi kwenye simu. Photoshop na Figma zimewapa wenye kibodi njia bora: bonyeza 5, tabaka linakuwa asilimia 50; bonyeza 0, linarudi 100. Procreate, ya wachoraji wa iPad, inakutaka uguse tabaka kwa vidole viwili ili utelezeshe opasiti yake juu ya turubai nzima. Upana wa turubai nzima unatoa usahihi ambao paneli haiwezi kuutoa, na naupenda ufumbuzi huo. Lakini ishara ya vidole viwili haionekani popote, hivyo njia ya pili, kugusa herufi ndogo iliyo kwenye safu, inabeba mzigo wa kuwafundisha wageni, na herufi hiyo haisemi kwamba nyuma yake kuna opasiti.

Sifuri ipewe heshima yake. Tabaka lenye opasiti 0 limewashwa, lina tiki, linachukua kumbukumbu, kwenye baadhi ya programu linakamata mbofyo wa kipanya, na halionekani. Ni mtego. Safu yake ionyeshe namba hiyo waziwazi, na kwa kweli safu yoyote yenye opasiti chini ya 100 ionyeshe namba bila kufunguliwa. Mburuto mmoja wa kitelezi uhesabiwe tendo moja la kutengua, si matendo arobaini. Na kubofya mara mbili juu ya kitelezi kukirudishe kilipoanzia.

Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023 unataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwezekane pia bila kuburuta, na sehemu za kugusa ziwe na angalau pikseli 24 kwa 24 au nafasi ya kutosha kuzizunguka. Macho mengi ya paneli za matabaka hayafiki hapo. Anayetumia kisoma skrini anahitaji pia kitufe kitaje jina la tabaka: "Mifereji, imewashwa" ni taarifa, "kitufe, kitufe, kitufe" mara ishirini si taarifa.

Kuna vikwazo ambavyo mbunifu wa sura hana mamlaka navyo. Seva ya ramani inayofuata kiwango cha WMS inaweza kuombwa matabaka matano kwa ombi moja na ikarudisha picha moja iliyokwisha kuunganishwa. Kivinjari hakiwezi tena kufifisha barabara peke yake. Barabara hazipo peke yake. Ukitaka kitelezi kwa kila tabaka, omba kila tabaka kivyake, na ulipie kwa data ya mtumiaji. Kwa ofisi yenye faiba hilo si neno. Kwa ramani itakayofunguliwa kwa simu kijijini, ningeachana na vitelezi kabisa, nikatengeneza mandhari tatu zilizopangwa tayari, kama QGIS inavyoruhusu kuhifadhi seti za matabaka kwa jina: "Njia za kukimbilia", "Maeneo yanayojaa maji", "Vituo vya afya". Mwenyekiti wa mtaa anayeifungua ramani mvua ikinyesha ana swali moja, na kitufe kimoja kinamtosha.

Hospitalini mambo ni mazito zaidi. Mashine zinazounganisha PET na CT, ambazo mfano wake wa kwanza ulianza kutumika Pittsburgh mwaka 1998, hutoa picha mbili za mwili mmoja: ya CT ya kijivu inayoonyesha maumbile, na ya PET ya rangi inayoonyesha mahali seli zinatumia sukari nyingi. Daktari husogeza kitelezi kati ya hizo mbili. Kikiegemea PET mno, doa la rangi linaficha ukingo wa kiungo. Kikiegemea CT mno, doa dogo linapotea. Picha inapohifadhiwa kwa ajili ya ripoti, kiwango cha kitelezi kinapaswa kuandikwa juu yake, maana daktari wa pili ataisoma bila kujua wa kwanza alikuwa amepunguza nini.

Limebaki suala la kile kinachotoka nje ya programu. Faili za PDF zimeweza kubeba matabaka ya kuwasha na kuzima tangu toleo la 1.5 la mwaka 2003, na faili ya kazi ya programu yoyote ya michoro hubeba kila tabaka, linaloonekana na lisiloonekana. Mtu anayezima tabaka la majina na simu za kaya zilizoathirika, kisha akatuma faili kwa barua pepe, anaweza kuwa ametuma majina hayo yote. Skrini ilimwambia hayapo. Dirisha la kuhifadhi au kutuma lazima liorodheshe kila tabaka lililofichwa, pamoja na yale yenye opasiti 0, na kila jina liwe na chaguo mbili zilizoandikwa kwa maneno: litumwe, au liondolewe kabisa. Chaguo la kuondoa liwe limewekwa tayari, na anayetaka kutuma yaliyofichwa ndiye abadilishe kwa mkono wake.